Mgeni Ajaye Barafu Ikiyeyuka

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na ndani yake hamna uongo hata chembe. Ni hadithi ya samaki mdogo anayeenea kiganjani, na ya watu wanaomngoja usiku kucha kando ya maji, meno yakigongana kwa baridi, nyavu mikononi.

Kabla hatujafika huko mbali, niwaulize jambo. Nani kati yenu amewahi kungoja kumbikumbi? Mvua za kwanza zimenyesha, ardhi imelainika, na watoto wote mnataka kuweka karai la maji chini ya taa usiku uo huo. Bibi anatoka nje, anakitazama kichuguu, anagusa udongo, anasikiliza upepo. "Leo bado," anasema. Mnanuna, mnakwenda kulala. Kesho yake jioni anatoka tena, anatazama tena, anagusa tena. "Leo." Na kweli, giza likiingia wanatoka kwa maelfu, mabawa yanameta kwenye mwanga, na hakuna mtoto anayelala mapema.

Bibi alijuaje? Hakutazama kalenda. Aliwajua kumbikumbi wenyewe: wanataka udongo wa namna gani, unyevu kiasi gani, saa ipi. Lishikeni neno hilo, maana ndilo nililowaitia leo. Kungoja vizuri ni kumjua unayemngoja.

Ziwa kubwa kuliko Victoria

Sisi huku tuna Maziwa Makuu yetu: Victoria, Tanganyika, Nyasa na mengineyo. Marekani na Kanada nao wana Maziwa Makuu yao, nayo ni matano: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Maji hutoka ziwa moja kuingia jingine, hata yakafika bahari ya Atlantiki.

Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa upana wa uso wake kati ya maziwa ya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Lina kilomita za mraba karibu 69,000. La kwanza ni Superior, lenye kilomita za mraba 82,000 hivi. Na Superior ni ziwa la maji baridi kwa maana zote mbili za neno hilo. Majira ya baridi ghuba zake huganda, na iko miaka ambayo barafu hulifunika karibu ziwa zima. Watu hutembea kwa miguu mahali ambapo miezi michache baadaye mashua zitapita.

Waojibwe, wenyeji ambao wameishi kando ya ziwa hilo tangu enzi za mababu, huliita Gichigami, maana yake maji makuu.

Kwenye ncha ya magharibi ya ziwa uko mji wa Duluth, katika jimbo la Minnesota. Mbele ya mji kuna ulimi mwembamba wa mchanga uitwao Park Point, umechomoza majini kwa kilomita kadhaa. Nyuma ya mji ni vilima, na kutoka vilimani mito midogo yenye mawe mengi, kama Mto Lester, hushuka kwa kasi na kumwaga maji yake ziwani. Mwezi wa Aprili, majira ya baridi yakiwa yanaaga, watu wa huko huanza kuitazama mito hiyo kama vile bibi anavyokitazama kichuguu.

Wanamngoja smelti.

Samaki anayenukia tango

Mchukue smelti mmoja, umweke kwenye kiganja, umtazame vizuri. Urefu wake ni sentimita 15 hadi 20. Ni mwembamba, mgongo una rangi ya kijani iliyoiva, tumbo ni jeupe, na ubavuni ana mstari unaong'aa kama shilingi mpya. Mgeuze kidogo kwenye taa: anatoa rangi ya zambarau, buluu na waridi, kama tone la mafuta juu ya dimbwi. Kwa sababu ya rangi hizo, kwa Kiingereza huitwa smelti wa upinde wa mvua. Karibu na mkia, juu ya mgongo, ana kipezi kidogo cha nyama kisicho na mwiba.

Sasa mfunue kinywa. Ni kipana kuliko ulivyodhani, na kina meno makali mpaka kwenye ulimi. Msimwone mdogo mkadhani ni mla majani. Smelti huwinda wadudu wa majini, vijikamba na vifaranga vya samaki wengine. Kumbukeni meno hayo, tutayarudia.

Pitisha kidole kichwani mwake. Ukihisi vipele vidogo vinavyokwaruza kama msasa, huyo ni dume, na vipele hivyo vimemwota kwa ajili ya msimu wa kuzaana. Jike ni laini na tumbo lake limejaa mayai, maelfu kwa maelfu.

Mwisho mlete puani. Hanuki shombo kama samaki wengine. Ananukia tango lililokatwa sasa hivi! Wavuvi wengine husema wakikaribia maji usiku wa smelti wengi, harufu ya tango huwapokea kabla hawajaona hata samaki mmoja.

Naye ana ufundi wake wa kuishi na baridi. Ndugu zake wanaokaa baharini, pwani ya mashariki ya Kanada na Marekani, majira ya baridi hujitengenezea mwilini kitu kiitwacho gliseroli, chenye utamu kidogo, kinachosaidia damu isigande hata maji yakikaribia kuwa barafu. Sisi huvaa sweta juu ya mwili. Smelti huvaa sweta lake ndani ya damu.

Chakula kilichobaki, mlaji akapotea

Smelti hakuzaliwa Superior. Kwao ni pwani ya Atlantiki, ambako huishi baharini na kupanda mito kuzaana kila majira ya kuchipua. Baadhi yao walibaki tangu kale katika maziwa ya jimbo la Maine, wakazoea maji yasiyo na chumvi.

Mwaka 1912 watu walichukua mayai ya smelti kutoka Green Lake huko Maine, wakayapeleka katika ziwa dogo la Crystal, jimbo la Michigan. Nia yao haikuwa kumfuga smelti kwa ajili yake mwenyewe. Walitaka kufuga samoni, samaki mkubwa mwenye bei, na smelti angekuwa chakula chake. Ni kama mtu aliyepanda mtama ili kuku wapate kula.

Samoni hao hawakushika. Chakula chao kikashika. Smelti walizaana, wakafuata mkondo wa maji hadi Ziwa Michigan, na mwaka 1923 wavuvi wa ziwa hilo waliwanasa huko. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa wamesambaa katika maziwa mengine, na miaka ya 1940 walionekana kwenye fukwe za Minnesota. Hakuna aliyewachukua kwa ndoo safari yote hiyo. Waliogelea wenyewe.

Mnaoishi Mwanza, Kisumu, Bukoba au Entebbe, hadithi hii haiwezi kuwa ngeni kwenu. Miaka ya 1950 sangara alitiwa katika Ziwa Victoria kwa mkono wa binadamu. Alikua, akaenea, akawapa watu wengi kazi na fedha, na furu wa aina nyingi wakatoweka tumboni mwake. Kule Victoria aliyeingizwa ni mlaji mkubwa, kule Michigan ni chakula cha mlaji. Lakini somo ni moja: ziwa halina mlango wa kumtolea mgeni nje.

Kusoma maji

Basi tumngojeje huyu smelti?

Kwanza tazama barafu. Maadamu ingali imefunika mdomo wa mto, tulia nyumbani. Ikianza kupasuka na kuondoka, anza kutayarisha wavu. Lakini usifanye haraka. Duluth upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma kwa nguvu, huisukuma barafu kutoka katikati ya ziwa na kuirudisha kwenye ile ncha ya magharibi. Jana maji yalikuwa wazi, leo yamejaa mabonge meupe.

Pili, pima joto la maji. Wazoefu hufunga kipimajoto kwenye kamba na kukishusha kutoka darajani. Wanatafuta nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, si chini ya hapo. Theluji ya vilimani ikishayeyuka, mito hupata joto mapema kuliko ziwa, na maji hayo ya mto yanapoingia ziwani ni kama mtu aliyepiga hodi. Smelti walioko nje, kwenye kina, husikia hodi hiyo wakaanza kusogea ufukweni.

Tatu, utazame mto wenyewe. Theluji ikiyeyuka kwa kishindo, mto huja mwekundu kwa tope na kwa nguvu ya kung'oa miti. Huo si usiku wa kuingia majini.

Nne, ngoja giza. Nyie mnajua dagaa wa Victoria: wavuvi huwasha karabai au taa za sola, wadudu wakakusanyika kwenye mwanga, dagaa wakawafuata wadudu. Smelti ana tabia nyingine. Mchana hukaa kwenye kina penye giza, na usiku ndipo hupanda. Kukipambazuka wengi wao hurudi ziwani. Kwa hiyo anayemngoja hajisifu kwa taa kubwa, na hummulika pale tu inapobidi.

Madume ndio hutangulia. Hufika usiku wa kwanza, hukaa kwenye maji ya kina kifupi, hungoja. Majike huja baadaye, hutaga, huondoka. Yai la smelti likitoka lina ngozi ya nje inayonata. Ngozi hiyo hupasuka, hujigeuza nje ndani, ikawa kama kikonyo kinacholishikiza yai kwenye jiwe au changarawe. Mkondo unapita juu yake kwa kasi, nalo halibebwi. Baada ya wiki mbili au tatu, kutegemea joto la maji, hutoka samaki mwembamba kama uzi, akachukuliwa na mto hadi ziwani.

Hayo yote ndiyo anayoyajua mtu mzima aliyesimama darajani na kipimajoto chake, mtoto kando yake akiruka ruka kwa hamu. "Leo?" mtoto anauliza. Mtu mzima anavuta kamba, anakisogeza kipimajoto kwenye tochi. Nyuzi 3. "Leo bado."

Usiku wenyewe

Kungoja nako kuna kazi zake. Wavu wa kuchotea smelti ni mfuko wa nyuzi ulioshonwa kwenye duara la chuma, na duara limefungwa kwenye mpini mrefu. Unatandazwa sakafuni, unatafutwa tundu lililochanika, unashonwa. Buti za mpira zinazofika kifuani zinakaguliwa: tochi inaingizwa ndani gizani, na mwanga ukitokeza nje kama nyota, hapo pana tundu. Ndoo zinaoshwa. Watu wazima wanasoma kanuni za uvuvi za mwaka huo, wanahakikisha leseni zipo, wanaangalia ni mto upi umeruhusiwa na upi umefungwa.

Kisha usiku mmoja kipimajoto kinasema nyuzi 5, upepo umetulia, na mtu mzima anasema neno moja tu. Nguo zinavaliwa tabaka juu ya tabaka.

Mdomoni mwa mto watu wamekwisha kufika. Ufukweni kuna moto wa kuni. Mzazi anaingia majini hatua kwa hatua, akipapasa mawe kwa mguu kabla ya kuuegemeza mwili. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na hapa methali hiyo si pambo la maneno. Maji ya nyuzi 4 humkata mtu pumzi, na buti ikijaa maji, mguu huwa mzito kama gogo. Watu wamewahi kufa katika uvuvi huu. Ndiyo maana mtoto hubaki ukingoni na ndoo, na hakuna mtu mzima anayeingia peke yake.

Smelti wanapanda, vichwa vimeelekea juu ya mto. Basi mdomo wa wavu huwakabili: mvuvi huutumbukiza mbele yake, huukokota chini kufuata mkondo, kwa haraka kuliko maji yenyewe, kisha huuinua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye huinama mara ya kwanza, wavu ukaja na jani lililooza. Mara ya pili, kijiti. Mara ya tano au ya sita mpini unatetemeka mkononi kabla haujainuliwa, na wavu unapotoka majini unachezacheza wenyewe. Fedha tupu! Mtoto anasogeza ndoo, samaki wanaporomoka, wanapiga mikia kwenye plastiki kwa sauti kama mvua ya ghafla kwenye bati. Na hewa yote inanukia tango.

Kwenye ule ulimi wa mchanga wa Park Point mbinu ni nyingine. Hapo watu wawili hushika ncha mbili za wavu mrefu, mmoja akatembea kwenye kina cha kifua, mwingine karibu na ukingo, wakauvuta hadi mchangani. Watu wa kwetu watautambua mara moja: ni mdogo wake juya na kokoro. Huko Chicago, kusini-magharibi mwa Ziwa Michigan, watu hushusha nyavu kutoka kwenye kuta za gati usiku wa Aprili, na ipo desturi ya zamani kwamba anayeanza uvuvi huu hung'ata kichwa cha smelti wake wa kwanza. Wajukuu zangu, msikunje nyuso. Kila mahali pana namna yake ya kumwingiza mtu chamani.

Nyumbani, kazi haijaisha. Kichwa hukatwa kwa mkasi, tumbo hupasuliwa, kidole gumba hupita mara moja na matumbo yote yakatoka. Samaki husuuzwa, hugaragazwa kwenye unga wa ngano wenye chumvi na pilipili manga, hutiwa kwenye mafuta ya moto. Baada ya dakika chache wanaliwa pamoja na mifupa yao, kama tulavyo dagaa wa kukaanga, kwa kubana ndimu.

Wavu mtupu na maana zake mbili

Sasa inakuja sehemu ngumu ya hadithi, nanyi mmekwisha kuwa wakubwa wa kuisikia.

Miaka ya 1930 smelti walikuwa wengi katika Ziwa Michigan kiasi kwamba mji wa Escanaba ulikuwa ukifanya sherehe kubwa kwa ajili yao. Kisha katika majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943, smelti wa maziwa ya Michigan na Huron walikufa kwa wingi usioelezeka, wataalamu wakashuku ugonjwa. Wavuvi waliongoja msimu huo waliona mito mitupu. Baada ya miaka kadhaa smelti wakaongezeka tena.

Wakati uo huo, mgeni mwingine alikuwa amefika: lamprei, kiumbe mrefu kama mkunga, asiye na taya, mwenye mdomo wa duara uliojaa meno. Alitoka Atlantiki, akapita kwenye mfereji uliochimbwa kuzunguka maporomoko ya Niagara ili meli zipande maziwani. Lamprei hujibandika ubavuni mwa samaki mkubwa na kumnyonya damu. Aliwashambulia trauti wa ziwa, wenyeji hasa wa Superior na wawindaji wakuu wa samaki wadogo, nao uvuvi mkubwa wa watu pia ulikuwa umewapunguza. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 trauti walikuwa karibu kwisha.

Asiye na mwindaji hujaa. Miaka ya 1960 na 1970 smelti walifurika Duluth. Watu waliendesha magari mamia ya kilomita, wakawasha mioto pwani nzima, wakajaza mapipa mazima. Waliokuwa watoto miaka hiyo leo ni mababu na mabibi, na bado wanasimulia.

Wakati watu wakishangilia ufukweni, wanasayansi walikuwa wakiwapigania trauti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 waligundua dawa inayoua viluwiluwi vya lamprei mtoni bila kuwamaliza samaki wengine. Wakapandikiza trauti wachanga, mwaka baada ya mwaka. Samoni kutoka pwani ya Pasifiki nao walitiwa maziwani. Trauti wakarudi, wakawakuta smelti wamejaa, wakala. Mwishoni mwa miaka ya 1970 smelti wa Superior walipungua ghafla, na mafuriko yale hayajarudi hadi leo. Lakini trauti sasa wanazaana wenyewe katika sehemu kubwa ya ziwa.

Mnaijua methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Superior mambo yalikwenda kinyume: mwenyeji alipopona, mgeni alipungua. Basi mvuvi wa Duluth akiinua wavu wenye samaki wachache, amkumbuke trauti aliyenenepa huko kwenye kina. Ndoo yake ni nyepesi kwa sababu ziwa lina afya.

Lakini nendeni kusini, Chicago. Huko pia nyavu huinuliwa tupu, usiku hadi usiku, na sababu yake si hiyo hiyo. Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita meli kutoka ng'ambo zilimwaga maji ziliyokuwa zikiyabeba kusawazisha uzito, na ndani yake mlikuwamo kome wadogo wenye asili ya pande za Bahari Nyeusi. Kome aina ya kwaga wametapakaa chini ya Ziwa Michigan, nao huchuja maji mchana na usiku, wakala vijimea vidogo vinavyoanzisha chakula chote cha ziwa. Maji yamekuwa maangavu, mazuri kutazama, na ndani yake mna njaa. Smelti wamepungua mno, na wavuvi wa magati wamepungua pamoja nao.

Nyavu mbili tupu, moja inasema ziwa limepona, nyingine inasema ziwa lina njaa. Anayesubiri samaki tu, asijue zaidi, ataona utupu ule ule na kununa vile vile. Anayemjua anayemngoja ataona tofauti.

Maji ya kusuuzia ndoo

Mmekumbuka yale meno? Minnesota na Wisconsin zina maelfu ya maziwa madogo yaliyo mbali na Maziwa Makuu. Smelti akiingia humo, hula vifaranga vya wenyeji na kuwapokonya chakula. Katika ziwa moja la Wisconsin liitwalo Sparkling, smelti walifika miaka ya 1980, na haukupita muda mrefu sisko, samaki wa asili wa ziwa hilo, wakatoweka kabisa.

Smelti hana miguu. Hufikaje kwenye ziwa lililozungukwa na msitu? Hebu rudini kwenye ndoo ya mtoto wetu. Ndani yake kuna madume na majike, wamebanana. Mayai yametoka, mbegu za madume zimetoka, vimechanganyika kwenye maji ya chini ya ndoo. Familia ikipitia nyumba yao ya mapumziko kando ya ziwa dogo, ikapaa samaki gatini na kumwaga maji ya ndoo, imetosha. Mayai yaliyorutubishwa yananata kwenye jiwe la kwanza yanalolikuta. Ndiyo maana wataalamu huwasihi watu wasisafirishe smelti hai, wasiwasafishe kando ya maziwa ya ndani, na maji ya ndoo wayamwage nchi kavu, mbali na maji yoyote.

Kazi ya kumwaga maji hayo inamfaa mtoto. Yeye ndiye aliyeshika ndoo usiku kucha. Akiyamwaga kwenye nyasi nyuma ya nyumba, nayo yakakauka juani kesho yake, amelilinda ziwa zima ambalo pengine hatalifikia maishani mwake.

Na sisi je? Katika mito inayoingia Victoria, kama Nzoia, Sondu na Nyando, alikuwapo kwa wingi samaki aitwaye ningu. Mvua zikianza na mito ikijaa, ningu walipanda kutoka ziwani kwenda kutaga, kama smelti wanavyopanda Mto Lester. Watu waliujua msimu huo na kuungoja. Kisha nyavu za kisasa zilitegwa midomoni mwa mito, zikawazuia wale wale waliokuwa wakienda kuzaa, na ningu wakawa adimu. Waliokuwa wakiwangoja walijua siku ya kuja kwao. Wavu haukuwaachia nafasi ya kupita.

Kwa hiyo mvua zijazo zikianza, kama mnakaa karibu na mto unaoingia ziwani au baharini, mtafuteni mvuvi mzee. Mwamkieni kwa heshima, mkae naye, mumwulize ni samaki gani hupanda mto huo, maji yakiwa na rangi gani, mwezi ukiwa wapi, na zamani walikuwa wangapi. Kisha nendeni mkatazame wenyewe. Guseni maji. Nendeni tena kesho yake, na kesho kutwa.

Mtakosea mara nyingi. Bibi naye alikosea alipokuwa na umri wenu. Lakini ipo jioni mtasimama ukingoni, wadogo zenu wakiwavuta nguo na kuuliza, "Leo?" Mtayatazama maji, na jibu mtakuwa nalo.